Bado Haijaingia

Kondo alifika dukani matope ya bandari ya Nyamisati yakiwa hayajakauka kwenye ndala zake. Hakupanda barazani. Alisimama chini, juani, akawa anautazama mlango wa bluu ulioandikwa kwa rangi nyeupe HAPA LIPA KWA SIMU, na namba chini yake. Aliisoma ile namba, halafu akairudia kwa kunong'ona.

"Pita ndani kaka, maandishi hayang'ati!" Mwamvua alimtania huku akimpimia mteja mmoja kitenge.

"Nimefiwa, dada. Nataka sanda."

Mwamvua aliona aibu hata akaiweka mita chini. Yule mteja naye akasogea pembeni bila kuambiwa.

"Inna lillahi. Nani tena, kaka?"

"Mama yangu. Bi Siti, wa kisiwani Maparoni. Jana magharibi."

"Pole, kaka yangu. Nisamehe kwa utani wangu. Panda basi ukae, usisimame juani."

Kondo alipanda, akakaa ukingoni mwa benchi. Akasema mambo yake yote kwa mkupuo, kama mtu aliyekuja akiyapanga njia nzima. Pesa taslimu hakuwa nazo. Alizokuwa nazo zilikwisha hospitalini na kwenye petroli ya boti. Lakini mdogo wake Sadala yuko Mbagala, anauza chipsi, naye ndiye atakayelipa. Mwaka jana alipita Kibiti akauona mlango huu, ndiyo maana leo amekuja hapa.

"Maana wengine nimeshawauliza huko njiani," alisema. "Wananiambia lete noti, hayo ya simu hawayajui."

Na kweli, miaka hiyo pesa za simu ndiyo kwanza zinaingia Kibiti. Watu walikuwa wakiuliza pesa inapitaje hewani isianguke. Mlango ule ulikuwa sifa ya Mfaume, mumewe Mwamvua. Aliuandika kwa mkono wake, akasimama barabarani kuutazama, akaita na majirani nao waje watazame.

"Mama alikuwa mrefu?" Mwamvua aliuliza akishusha jora la bafta.

"Mfupi. Alinifika hapa." Kondo alijigusa kifuani, na mkono ukabaki pale pale.

Mwamvua alikata nguo zote tano za sanda ya mwanamke, akazikunja, akaweka karafuu maiti, pamba, sabuni na kichupa cha marashi. Bei ilifika elfu thelathini na tano. Kondo alimpigia mdogo wake, akamsomea namba taratibu, akamwambia aongeze na ya kutolea, asije akawatia hasara watu wa watu. Haukupita muda simu yake ikaita. Akasikiliza, akashusha pumzi.

"Tayari, dada. Imekwenda. Sadala anasema meseji anayo mkononi."

"Alhamdulillah. Ngoja nimuulize baba watoto, maana laini ni yake na simu anayo yeye."

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro katika nyumba ile. Duka lilikuwa mikononi mwa mke, pesa ya duka ilikuwa mfukoni mwa mume, na siku hiyo mume alikuwa Ikwiriri amepeleka posa ya mpwa wake.

*

Mfaume alikuwa amekaa kwenye jamvi la wakwe watarajiwa, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Yeye ndiye mjomba, msemaji wa upande wa mwanamume, na tangu afike alikuwa anasema vizuri. Kilichomshinda ni shangazi wa binti, Bi Warda, mwanamke wa maneno, aliyejikalisha mlangoni kwa ndani akaizuia barua ya posa isipite.

"Mlango huu mzito," alisema Bi Warda. "Unataka kilainishi."

"Kilainishi si tulishatoa, shemeji?"

"Ile ilikuwa ya uwani! Hii ya sebuleni." Wanawake nyuma yake wakacheka. "Jamani, tumeambiwa mjomba ana duka Kibiti, duka lenye maandishi. Kumbe mfuko wenyewe umetoboka! Au maandishi ndiyo mnayokula?"

Kicheko kikazidi. Ulikuwa utani, kila mtu alijua ni utani, na Mfaume alicheka kuliko wote. Lakini aliona jinsi mpwa wake alivyoinamisha kichwa, jinsi wazee wa upande wake walivyoanza kupapasa mifuko ya kanzu na kutoa sarafu za nauli. Akaona uso unamchoma. Ndipo simu ilipolia mfukoni.

Aliisoma meseji kwa siri. Elfu thelathini na tano, na ya kutolea juu. Jina lilikuwa Sadala, hakumjua. Mteja, akasema moyoni. Na palepale akakumbuka maneno ya mkewe asubuhi, wakati anamfungia kanzu kwenye mfuko. "Baba Saadi, pesa yoyote itakayoingia leo mtumie tajiri wa Kariakoo hapo hapo. Mzigo wetu unapakiwa. Usiiguse, nakuomba. Usinifanyie kama mara ile." Mara ile hawakuitaja tena, lakini wote wawili walijua ni mara ipi, na Mfaume alikuwa ameapa.

"Nipeni ruhusa kidogo," alisema, akainuka. Wakala alikuwa upande wa pili wa barabara. Aliporudi alikuwa na noti zilizonyooka. Akaziweka kwenye sinia moja moja, taratibu, ili zionekane.

Vigelegele vikapigwa. Bi Warda akafungua mlango mwenyewe, akamfuta mjomba vumbi begani kwa ncha ya kanga. "Sasa ndiyo tumepata wakwe!" akasema, na Mfaume akajisikia mtu.

Simu ikalia tena. Alikuwa mkewe.

"Baba Saadi, kuna pesa imeingia? Kutoka kwa Sadala."

Wazee wote walikuwa wamenyamaza wakimngoja amalize. Sinia lilikuwa mbele yake, noti juu yake. Angesema imeingia, mkewe angesema haya mtumie tajiri. Angesema nini basi mbele ya jamvi zima? Kwamba hizo alizozipigiwa vigelegele ni pesa za watu?

"Bado haijaingia," alisema.

"Mbona kaka yake anasema imekwenda?"

"Haijaingia, Mama Saadi. Mtandao unasumbua tangu asubuhi."

"Ni sanda, Baba Saadi." Sauti ya Mwamvua ilishuka. "Mtu ana maiti Maparoni, mama yake. Anawahi boti kabla maji hayajapwa."

Mfaume aliitazama kanzu yake. Moyo ulimpiga, hilo tusimnyime. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kulirudisha kulihitaji mtu mwingine, si yeye.

"Mwambie asubiri kidogo," alisema. "Itaingia."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Posa ikimalizika atakwenda kwa rafiki yake muuza vipuri, atakopa, atarudisha pesa kwenye simu, atampigia mkewe amwambie imeingia. Kuchelewa tu, na mtandao kwani hauchelewi? Tena Mwamvua ana huruma. Kwa maiti hawezi kumzuia mtu, atampa tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akapokea kikombe cha kahawa.

*

Mwamvua angempa. Ungemuuliza siku yoyote nyingine angekuambia nani amnyime mtu sanda? Lakini miezi michache nyuma alikuja kijana wa mjini na suruali yake ya kuning'inia, akamwonyesha meseji kwenye simu, akaondoka na doti za kanga na vitenge vya kutosha harusi. Meseji ilikuwa ya uongo. Mfaume alimsema mbele ya wateja, "Wewe unasomewa hadithi, unatoa mali!" Tangu siku hiyo ilikuwa amri. Kitu kisitoke mpaka yeye Mfaume aseme imeingia.

"Kaka, bado haijaingia," alimwambia Kondo. "Mtandao unasumbua. Subiri kidogo."

"Sadala anasema akurushie ile meseji uisome mwenyewe."

"Meseji za kurushwa nimeshaziona, kaka. Ziliniliza."

Kondo hakubisha. Alikaa. Mfuko wa sanda ulikuwa juu ya meza, umefungwa, kati yao. Kila gari lililopita alilitazama, kisha akalitazama jua. Mwamvua alimpigia mumewe tena, akaambiwa bado. Akapiga tena, simu ikaita bila kupokelewa. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, wanaume wakapita na misala, maduka jirani yakarudisha milango.

"Dada," alisema Kondo, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kuomba. "Nikiwahi boti hii tutamzika leo. Nikiikosa, au nikifika mtupu, mama analala tena. Joto hili unaliona. Nishike hata simu yangu, ibaki hapa."

Mwamvua aliitazama ile simu ndogo iliyofungwa mpira kuzuia betri isidondoke. Akataka kulia. "Mume wangu atanifukuza, kaka. Wallahi si roho mbaya. Nenda basi hapo msikitini, ukiwaeleza watakupa ya sadaka, wanazo."

Kondo alimtazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Nimeshalipa, dada," alisema. "Mtu aliyelipa aende akaombe?"

Alisimama, akaipangusa suruali yake, akashukuru kwa benchi. Ndiyo, alishukuru. Halafu akapanda bodaboda ya kurudi Nyamisati, mikono imeshika magoti.

Mfaume alipiga alasiri. "Imeingia!" alisema kwa furaha ya mtu aliyefikisha mzigo. "Mpe jamaa sanda yake!"

Mwamvua alikuwa ameshaanza kukimbia barabarani kutafuta bodaboda, mfuko mkononi, ushungi umeanguka mabegani. Akamlipa kijana wa pikipiki kwa pesa yake ya kibubu, akamwambia akimbie, akimbie kama anakimbizwa. Kijana alirudi magharibi na mfuko ule ule, umeshika vumbi. Boti ilikuwa imeondoka.

*

Habari ziliwafikia kwa wanawake wa Maparoni waliokuja kuuza kaa. Kondo alifika mikono mitupu. Maiti ililala imefunikwa kanga, wanawake wakaipepea zamu kwa zamu. Asubuhi, jirani mmoja mtu mzima, Bi Ashura, alifungua sanduku lake akatoa sanda yake mwenyewe, ile aliyojiwekea kwa ajili ya siku yake, aliyoinunua kwa mpunga wake. Akasema Siti hawezi kungoja simu. Sanda ilikuwa ndefu kwa sababu Bi Ashura ni mrefu. Wakaikunja miguuni.

"Na Kondo anasema nini juu yetu?" Mwamvua aliuliza.

"Aseme nini? Anasema mwenye duka alikuwa mkweli, pesa ilikuwa haijaingia. Mtandao, mama."

Usiku na mchana Mwamvua hakuwa na raha. Ile sanda fupi aliyoikata ilikaa rafuni, na kila alipoinua mkono kuchukua kanga aliiona. Hakuna mtu mwingine ingemfaa, na hakuwa na ujasiri wa kuishusha. Mfaume naye aliacha kukaa dukani. Alisema mgongo unamuuma. Watu walipomsifu kwa posa iliyokwenda vizuri, alibadilisha mazungumzo.

Bi Warda alikuja Kibiti kununua vitu vya harusi. Aliingia dukani na kicheko chake, akakumbatia, akaketi, akaagiza soda mwenyewe.

"Mumeo yule, wifi! Yule mwanamume! Tulimbana pale mlangoni mpaka nikamwonea huruma. Mara simu yake ikalia, twiii! Akachungulia, akainuka kimya kimya. Kwenda kwa wakala, kurudi, noti zimenyooka hivi! Akazipanga kwenye sinia. Nikasema, huyu ndiyo mtu wa pesa za kisasa."

Mwamvua aliendelea kukunja kitambaa. "Ilikuwa saa ngapi hiyo, wifi?"

"Mapema tu, kabla ya Ijumaa. Hata wewe si ulimpigia? Tena mbele yetu! Noti ndiyo kwanza zimetua, simu inaita. Akasema bado haijaingia. Nikajua anazungumza na mkewe, wanaume hawana sauti hiyo kwa mtu mwingine." Akacheka tena. Kisha akaona uso wa mwenzake. "Wifi? Nimesema kitu?"

"Hapana, wifi. Kunywa soda."

*

Alimngoja Mfaume ale kwanza. Alimpakulia, akamnawisha, akakaa mbele yake.

"Iliingia," alisema.

Mfaume aliacha tonge mkononi. Hakuuliza nini. Hilo pekee lilimmaliza Mwamvua, kwamba hakuuliza.

"Nilidhani utampa," alisema Mfaume. "Wallahi, Mama Saadi, nilijua utampa tu."

"Ulijua nitaivunja amri yako?"

"Kwa maiti, nilijua."

"Na mimi nilijua kwa maiti husemi uongo." Alikuwa akilia sasa, bila kujificha. "Nilimnyima kwa mkono huu, Baba Saadi. Nikamwambia aende akaombe sadaka. Akanishukuru kwa benchi! Kumbe pesa yake iko kwenye sinia inapigiwa vigelegele."

"Niliirudisha siku ile ile."

"Ulirudisha pesa. Mtu alikuwa ameshaondoka."

Mfaume alitazama sahani. Alisema atakwenda. Alisema ni arobaini ya marehemu wiki ijayo, watakwenda wote wawili, watampelekea yule bibi sanda nyingine nzuri kuliko ya kwanza, watatoa na mchango wa hitima.

"Na utasema," alisema Mwamvua.

"Nitasema."

"Utasema mwenyewe. Mimi kinywa changu sikufungulii."

*

Maparoni waliwapokea kama ndugu. Ndiyo adhabu ambayo Mfaume hakuitegemea. Alijiandaa kwa nyuso zilizonuna, akakuta watu wanamtandikia mkeka penye kivuli, wanampa maji ya dafu. Kondo mwenyewe alimletea sinia la wali.

"Kula, kaka. Mmekuja mbali kwa ajili yetu, nani siku hizi anafanya hivyo?"

"Kondo, kuhusu siku ile..."

"Achana nayo. Ukiwalaumu watu kwa mtandao utamlaumu kila mtu. Mkeo alinihurumia, niliona machoni. Kula."

Mfaume alikula, na kila tonge lilishuka kwa maji. Alijiambia atasema baada ya chakula. Baada ya chakula ikaja dua, akajiambia haifai kuvunja dua. Dua ikaisha, watu wakaanza kuaga, na kutoka upande wa wanawake Mwamvua alikuwa akimtazama. Hakumkonyeza, hakumwashiria. Alimtazama tu.

Boti ya kurudi Nyamisati ilikuwa lazima iondoke kabla maji hayajapwa, kwa hiyo wote wakashuka bandarini, Bi Ashura mbele na fimbo yake. Alikuwa mrefu kweli, mrefu na mkavu. Mwamvua akalifungua furushi, akatoa sanda mpya, bafta nzito, na karafuu maiti yake.

"Hii ni yako, mama," alisema Mfaume. "Mahali pa ile uliyotoa."

Bi Ashura aliishika kwa vidole viwili, akaipima kwa mkono wake, akaridhika.

"Nzuri. Nilikuwa sipati usingizi, mwanangu. Nikilala nalikumbuka sanduku tupu, nasema leo nikiondoka hawa watoto watahangaika kama walivyohangaika kwa Siti. Bei gani?"

"Bei? Hakuna bei, mama! Ni zawadi."

"Sanda ya zawadi sitaki. Ile niliinunua kwa mpunga wangu, na hii nitainunua kwa mpunga wangu." Alivuta kamba shingoni, akatoa simu iliyokuwa ndani ya kifuko cha kitambaa. "Wanunuzi siku hizi wananilipa humu. Kondo, panda pale umtumie. Bei ile ile ya mama yako."

Mtandao wa Maparoni ulikuwa ukipatikana sehemu moja, pale bandarini, na hasa juu ya mtumbwi mbovu uliofudikizwa. Kondo alipanda, akanyoosha mkono juu, Bi Ashura akamnong'oneza namba ya siri ambayo kila mtu aliisikia. Wanawake wakacheka. Nahodha wa boti akapiga kelele, "Wa Nyamisati! Maji hayo yanapwa!"

"Imekwenda, mama," alisema Kondo.

Bi Ashura alimgeukia Mfaume. "Imeingia?"

Mfaume alitoa simu yake, akaitazama. Hakukuwa na kitu. Akaitikisa kidogo, kama kwamba hilo lingesaidia. Hakuna. Bibi alikuwa amesimama na fimbo, sanda kifuani, akingoja. Mfaume akaona huu ndio wakati wa kufanya wema, umalizike mzigo huu, aingie botini.

"Imeingia, mama," alisema. "Nimeipata."

"Mbona haikulia?"

"Imeingia tu, mama. Sauti nimeizima."

"Ililia sasa hivi tulipofika hapa bandarini. Niliisikia." Bi Ashura hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama anavyouliza mtu anayetaka kuelewa. "Kusoma sijui, lakini masikio ninayo. Haijaingia, mwanangu. Kwa nini unasema imeingia?"

Mfaume aliitazama tena simu yake.

"Siku ile ulisema haijaingia," aliendelea Bi Ashura polepole. "Kondo akarudi mikono mitupu, tukasema basi, mtu mkweli afanyeje. Leo haijaingia, unasema imeingia. Sasa ile ya siku ile ilikuwaje?"

Mfaume alimtafuta mkewe kwa macho. Mwamvua alikuwa ameinama, anafunga upya furushi lisilokuwa na kitu ndani.

"Iliingia," alisema Mfaume. Akarudia, kwa sauti zaidi. "Iliingia. Iliingia kabla mke wangu hajanipigia. Nilikuwa nimeshaitumia, nikaona haya kusema. Yeye hakujua."

Kondo alishuka kwenye mtumbwi. Alikuja mpaka mbele ya Mfaume, karibu, na watu wawili watatu wakasogea wakidhani atampiga.

"Ulijua ni sanda?"

"Nilijua. Aliniambia."

Kondo alipigapiga kifua chake, pale pale alipokuwa amejigusa siku ile dukani. "Tulimpepea usiku kucha," alisema. "Dada zangu walimpepea mpaka mikono ikawafa ganzi. Nikawaambia msimlaumu mtu." Akageuka, akaenda kukaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, mgongo kwao.

"Wa Nyamisati!" nahodha aliita. "Naondoka jamani!"

"Mama, chukua sanda," alisema Mfaume, machozi yanamtoka. "Pesa yako nitakurudishia yote. Chukua tu, na mimi nisamehe, boti inaondoka."

"Sichukui kitu kabla sijakilipia," alisema Bi Ashura. "Na kulipa ni mpaka iingie. Si ndivyo mnavyofanya huko kwenu? Kaa basi. Tungoje."

Alijishusha kwenye gogo, akaiweka sanda mapajani, akaikunja vizuri isiguse matope. Mwamvua ndiye aliyeketi wa kwanza, chini, karibu na miguu ya bibi, mbali na mumewe. Mfaume alibaki amesimama akiitazama boti. Injini ilinguruma, ikazunguka, ikaufuata mlango wa mto ikiwa na nafasi zao mbili. Ndipo naye akakaa, matopeni, kanzu na yote, simu imelala kwenye kiganja.

Maji yaliendelea kupwa, mizizi ya mikoko ikaanza kuonekana, kaa wadogo wakatoka mashimoni. Kondo hakugeuka. Mara moja Mfaume alisema kwa sauti ndogo, "Bado haijaingia," na lilikuwa neno la kweli, lakini hakuna aliyeinua kichwa.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa Kibiti simu ilipolia. Ililia vizuri, kwa sauti, wote wakausikia mlio. Mfaume aliisoma meseji, akaisoma tena, akainua uso. Akamtazama Bi Ashura, akautazama mgongo wa Kondo, akamtazama mkewe, akiwa tayari kabisa kujibu.

Bi Ashura alishika fimbo yake, akainuka na sanda yake, akaanza kupanda kwenda nyumbani. Hakumuuliza. Hakuna aliyemuuliza.